Picha za Kumalizia Mkanda

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Ngamiani hapa Tanga. Mchana nashinda kwenye duka la kaka yangu la vipuri vya baiskeli. Mjomba wangu alipofariki aliniachia kamera yake ya mkanda wa filamu, Pentax K1000, ile aliyokuwa akipigia picha za pasipoti na za harusi. Nilianza kama mchezo. Sasa ni mwaka wa pili na nimeshapiga mikanda 22, yote ya rangi, yote ya maisha ya mtaani: wauza kahawa, watoto wa madrasa, nguo kwenye kamba, vioo vya kinyozi. Mikanda naletewa na dada yangu aliye Muscat kila anapopata msafiri wa kumkabidhi, na nikimaliza natuma kwa basi Dar es Salaam ikasafishwe na kuskaniwa. Ukijumlisha yote, mkanda mmoja unanila kama shilingi elfu sitini, na mshahara wa duka la ndugu unaujua.

Tatizo langu ni kwamba nikiziweka picha zangu pamoja, simwoni aliyezipiga. Moja moja ni nzuri, watu wanasifu. Lakini rafiki yangu aliniambia, wala si kwa ubaya, "Hizi nimeshaziona." Nikamuuliza wapi. Akasema hajui, ila ameshaziona. Neno lile limenikaa. Tena lina ukweli: Ramadhani iliyopita nilizunguka usiku mzima kutafuta kituo cha mafuta chenye taa nyekundu, kwa sababu wapiga picha wa Kimarekani ninaowahusudu wote wamepiga vituo vya mafuta. Nikakipata. Picha imetoka vizuri, na mimi simo.

Nimejaribu kubadili mikanda. Kodak Gold 200, ColorPlus, UltraMax 400, Portra 400 mara tatu, CineStill 800T mara mbili kwa ajili ya ule mduara mwekundu unaozunguka taa. Nimepiga hata mkanda uliopita tarehe. Kila mmoja unakuja na sura yake na mimi nabaki nilipo. Halafu rangi zenyewe hazinitii. Ukuta wa jirani yetu ni buluu ya kupakwa juzi, picha ikarudi ukuta umekuwa jivu na mlango wake mweupe umekuwa wa manjano. Nyuso za watu zinatoka kama tope.

Nyumbani nako mama amechoka. Anasema, "Unapiga masufuria yangu machafu, watu watasemaje?" Jirani mmoja alinigombeza kwa kupiga kamba yake ya nguo, na hadi leo hanijibu salamu.

Nimekutumia picha 12 ninazoona ndizo bora, pamoja na karatasi za picha ndogondogo za mikanda yote, upate kuona safari yangu. Zile za mwishoni usizijali, ni za dukani tu, baiskeli zilizofunikwa turubai, viti vilivyofungwa mnyororo. Hizo ni za kumalizia mkanda ili uende kusafishwa.

Nitafute mkanda gani unipe mtindo wangu? Au nibadili lenzi? Au niiuze tu hii kamera?

Mwenye K1000, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Kamera usiuze.

Miaka ya 1990 nilikuwa nafanya kazi kwenye maabara ya kusafisha picha za rangi hapa Mombasa, zile za ukileta mkanda unarudi baada ya saa moja. Wateja wetu wa kutegemewa hawakuwa watalii. Walikuwa wapiga picha wa Likoni, wale wenye vibanda vyao karibu na feri, vilivyopambwa maua ya plastiki na mapazia ya kuchorwa: meli, ndege, maghorofa. Mtu ametoka bara kuja kutafuta kazi pwani, anasimama mbele ya meli ya rangi, anapigwa, picha anatuma kwao. Wapiga picha wale walinunua mkanda ule ule wa bei ya chini, kamera zao zilifanana, flashi zao zilifanana, na mapazia yao yalikuwa kama ya tumbo moja.

Bahasha zilichanganyika kila wiki. Jina likifutika kwa jasho au mvua, nilikuwa nainua negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, wenye rangi kinyume, kwenye taa nasema, hii ya fulani. Sikukosea mara nyingi. Mmoja hakukata miguu ya mtu abadan, hata ikibidi nusu ya meli iliwe. Alisema mteja amenunua viatu kwa ajili ya picha hii, wewe ni nani umkatie? Mwingine alimsogeza mteja pembeni kidogo, ukingo wa pazia ukaonekana na nyuma yake kipande cha mbingu ya kweli, mara mguu wa mpita njia. Sikuwahi kumuuliza kama alikusudia. Wa tatu hakubonyeza mpaka mtu achoke kutabasamu, na wateja wake wote walitoka kama watu waliokumbuka deni.

Kwa hiyo ukiniuliza mkanda gani utakupa mtindo, namkumbuka yule wa miguu. Kwa mkanda rahisi kuliko yote dukani, mwandiko wake niliusoma nikiwa hata uso wa mteja sijauona.

Tuumalize ugomvi wa ukuta, maana huo ni wa kiufundi na dawa yake ipo. Kusafisha mkanda wa rangi hakuna maajabu ya mtu. Dawa ya kwanza inataka joto la nyuzi 37.8 na dakika 3 na sekunde 15, iwe Dar es Salaam, iwe Tokyo. Mambo yanaharibika baadaye, negativu inapogeuzwa picha. Negativu ya rangi imevaa utando wa chungwa, na yenyewe haisemi buluu hii ni ya wapi. Lazima mtu au mashine iamue. Mashine zetu zilitengenezwa kuamini kwamba rangi zote za picha ukizikoroga pamoja, unapata kijivu. Kwa picha ya bibi harusi bustanini, wageni wamemzunguka, sawa, inakaribia. Kwa ukuta wa buluu uliojaa picha nzima, mashine inaona buluu imezidi, inadhani ni kasoro, inaongeza manjano mpaka buluu inazimika. Jivu lako limetoka hapo, na mlango wako mweupe umegeuka manjano hapo hapo. Mimi nilikuwa na vitufe vya rangi, siani (buluu ya kijani), majenta (nyekundu ya zambarau), manjano, na kimoja cha weusi, na kazi yangu kutwa ilikuwa kubishana na mashine. Siku nilizochoka, ilinishinda.

Skana za leo nazo, zikiachiwa zijirekebishe zenyewe, zina tabia hiyo hiyo. Basi nusu ya hiyo unayoiita sura ya Portra au sura ya Gold ni maoni ya kijana aliyekaa kwenye skana huko Dar es Salaam, saa saba mchana, hajala. Umebadili mikanda mara tano, na yeye hujamwandikia hata mara moja.

Mwandikie. Karatasi ndogo, ifunge na mkanda kwa mpira: asiiachie mashine irekebishe picha moja moja, achague mpangilio mmoja kwenye picha ya kwanza, mkanda wote uende hivyo hivyo. Na picha ya kwanza ya kila mkanda mpige mama barazani, kivulini, saa tatu asubuhi, ameshika karatasi nyeupe. Kijana wa skana akiona karatasi ile nyeupe, amepata pa kuanzia. Ndiyo, unapoteza picha moja katika 36. Lakini utaanza kuona rangi ulizozipiga wewe, na baada ya mikanda kumi utakuwa na picha kumi za mama.

Nyuso kama tope zina lawama mbili. Moja ni ya wenye viwanda. Kwa miaka mingi kadi ambazo Kodak waliwapa wenye maabara kupimia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu. Wa mwanzo alikuwa mfanyakazi wao aliyeitwa Shirley, na kadi zote zikabaki na jina hilo. Ngozi ya Shirley ikitoka safi, mashine inahesabiwa imepona. Sisi tuliokuja nyuma tulitoka vile tulivyotoka. Na waliofanya rangi za kahawia zitazamwe upya walikuwa pia watengeneza samani na watengeneza chokoleti, waliolalamika kwamba mbao na chokoleti zao hazitofautiani kwenye picha. Mpaka leo sijaamua kama nicheke.

Lawama ya pili ni yako, maana mikanda ya sasa haina sana ugonjwa huo. Mita ya K1000 inapima mwanga wa picha nzima, na inapendelea katikati. Muuza kahawa wako amesimama mbele ya ukuta mweupe unaowaka jua, mita inausikiliza ukuta, inakuambia ufunge mwanga, uso unabaki gizani, kisha skana inajaribu kuufufua na kukuletea tope lenye chembechembe. Msogelee. Jaza uso wake kwenye kamera, soma mita hapo, rudi nyuma upige bila kugusa kitu. Tena ukiweka mkanda wa 400 (namba ikiwa kubwa, mkanda unatosheka na mwanga mdogo), idanganye kamera kwamba ni wa 200, ikupimie mwanga zaidi. Mkanda wa negativu unasamehe mwanga uliozidi, uliopungua hausamehe. Na uliache jua la mchana. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la Tanga linapita utosini hasa, macho ya watu yanageuka mashimo. Mwingize mtu barazani. Ila angalia ukuta wa mbele yake ni wa rangi gani, kwa sababu rangi hiyo atajipaka usoni.

Sasa hizo 12 zako bora.

Nimezipanga mezani, na rafiki yako nampa haki. Kituo cha mafuta ni kizuri, nimekitazama sana, halafu nikajikuta nawaza Marekani. Yupo William Eggleston, mpiga picha wa Memphis, Marekani, ambaye mwaka 1976 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York yalitundika picha zake za rangi, na wahakiki kadhaa wakanuna kwamba ni vitu vya kawaida mno: baiskeli ya mtoto ya magurudumu matatu, mambo ya nyumbani, barabara za kwao. Wewe unayaona kama maajabu kwa sababu yametoka mbali. Kwake yeye kituo cha mafuta kilikuwa kama kwako banda la chipsi la mtaa wa pili. Hakukizungukia usiku kucha.

Anayekufaa zaidi pengine ni Fred Herzog. Mjerumani aliyehamia Vancouver, Kanada, akaajiriwa kupiga picha za kitabibu. Jioni na mwisho wa wiki alitembea mitaa ile ile ya mji ule ule na slaidi za Kodachrome, mkanda wa Kodak, akipiga mabango, vinyozi, maduka ya mitumba, magari yaliyopauka. Miaka kwa miaka slaidi zilikaa tu, kwa kuwa kuzichapa vizuri ilikuwa shida na gharama. Onyesho lake kubwa katika jumba la sanaa la mji lilifanyika mwaka 2007, naye ameshavuka miaka 75. Sikuambii usubiri hivyo. Nakuambia alikuwa na kazi ya mchana, kama wewe.

Kuhusu mkanda uliopita tarehe, wapo wakubwa walioutumia, Saul Leiter wa New York mmojawapo, na ulimpendeza. Lakini yeye alikuwa mchoraji, na ameishi mtaa mmoja zaidi ya miaka 50. Rangi zikiyumba, jicho halikuyumba. Kwako sasa hivi ni bahati nasibu, tena tiketi yake ni elfu sitini.

Nilipomaliza 12 nikachukua zile karatasi za picha ndogondogo, nikafanya ulichonikataza. Nimehesabu. Katika mikanda 22, mikanda 19 inaishia dukani kwenu: picha mbili, tatu, mara nne. Baiskeli saba chini ya turubai moja, magurudumu yamechungulia chini kama miguu ya watoto waliojificha. Viti vya plastiki vyekundu vimepandishwa kimoja juu ya kingine na mnyororo umepita kwenye mikono yao yote. Tyubu zimening'inia, moja imefungwa fundo, sijui kwa nini, na nimeirudia mara tatu. Mlango wa chuma umeteremshwa nusu, nje mbingu ya magharibi ni buluu nzito, ndani taa yenu ya mrija inamwaga ukijani juu ya kila kitu.

Umepiga kwa Gold, umepiga kwa Portra, umepiga kwa CineStill, na picha hizi zimebaki ndugu. Zote ziko usawa mmoja, kama kifuani kwa mtoto wa darasa la tano. Nilidhani umepiga magoti, kisha nikaelewa: mwanga ni mdogo, spidi ya kamera kufunga imeshuka, kwa hiyo unaiegemeza kamera kwenye kaunta isitikisike. Mwandiko wako umeanzia kwenye kaunta ya kaka yako, na ule ukijani wa ndani unaopigana na buluu ya nje sijauona katika hizo 12.

Sababu naidhani ni nyepesi. Picha za mwanzo wa mkanda unapiga ukiwa na hamu, na hamu ile imejaa picha za watu. Zile za mwisho unataka tu mkanda uishe. Hakuna unayemwonyesha, hakuna unayemwiga, unapiga kilichoko machoni pako kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni. Huenda nakosea, nimeona karatasi tu. Lakini ungeniletea zile 19 Mombasa bila jina, ningeziweka bahasha moja.

Usiende sasa ukawa mpiga picha wa maturubai. Hilo ndilo linaloniogopesha nikikuandikia haya, maana mtu akishaambiwa ana mwandiko huanza kuuiga mwenyewe, na hiyo ni mbaya kuliko kumwiga Mmarekani. Chapa picha ndogo za rahisi za mikanda yote, zikate, zimwage kwenye mkeka baada ya Isha. Ondoa kila ambayo unajua umeipiga kwa sababu umewahi kuiona kwa mwingine. Jiambie kweli, hakuna anayekutazama. Zikibaki 40 ni nyingi. Kisha mwite mama, usimuulize ipi nzuri. Muulize, "Huyu aliyepiga hizi anapenda nini?" Andika atakachosema kama alivyosema. Wapiga picha wenzako usiwaite, watazungumza habari za lenzi.

Lenzi iache hiyo hiyo. Mkanda chagua UltraMax 400, mwaka mzima, si kwa uzuri wake bali kwa sababu wewe ni mtu wa kupiga jua likizama, na mkanda wa 200 utakuangusha. Dada akikosa, Gold itakusitiri. Ukishaumaliza usiulaze siku nyingi dukani kwenye joto, na mpe kondakta akae nao juu, asiutupe kwenye buti la basi.

Nimebakiza jirani yako. Huyo ana haki yote. Kwetu pwani kamba ya nguo ni ndani ya nyumba, hata kama iko uani na mlango uko wazi. Wewe unaona rangi za kanga, yeye anaona nguo zake za ndani zinasafiri kwa basi kwenda kwa wanaume wa Dar es Salaam. Tena zinasafiri kweli. Mimi nimekaa kwenye mashine ile miaka mingi, nimeona vyumba vya watu, mama zao bila ushungi, wagonjwa wao, na hakuna aliyejua kwamba kuna mwanamke Mombasa anawatazama mmoja mmoja akiwarekebisha rangi. Kabla hujabonyeza ndani ya nyumba ya mtu, mkumbuke huyo aliyekaa kwenye skana. Omba kwanza. Ukikataliwa, shukuru upite. Ukikubaliwa, chapa nakala, mpelekee kabla hujamwonyesha mwingine yeyote. Kwa jirani nenda na mama yako, si peke yako, na ile negativu ya kamba ikate umpe mkononi.

Masufuria mwombe mama pia. Ukishampiga barazani mara tano na ile karatasi nyeupe, nadhani atalegea.

Mwakani nitumie tena picha 12, bahasha isiwe na jina wala mji.

N.B. K1000 haina kitufe cha kuzima mita. Lenzi ikiona mwanga, betri inaliwa. Ukimaliza kazi weka kifuniko cha lenzi, na kama mjomba alikipoteza, hata soksi nene nyeusi inafaa.